Kichupa Kilichofichwa Sandukuni

Hotuba kwa wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na familia zinazouguza wagonjwa wa maumivu sugu, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Wauguzi wenzangu, poleni na kazi. Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo. Nawashukuru wote mliokuja, na zaidi nyinyi mliomwacha mgonjwa nyumbani mkamwomba jirani amwangalie. Najua mmetazama saa kabla ya kukaa, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mama yangu alikuwa na saratani ya titi iliyokwisha kuingia kwenye mifupa. Aliugulia hapa Tanga kwa dada yake, mimi nikiwa kazini Dar es Salaam. Alikuwa anakunywa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa nne, na usiku dozi mbili kwa pamoja ili apate usingizi mpaka alfajiri. Ijumaa moja nikapigiwa simu: mama ana mafua makali, anaharisha, anatapika, anatetemeka, hajalala siku ya pili. Wamempima malaria, hana. Nikapanda basi la usiku.

Nilimkuta amejikunja kuelekea ukutani, khanga imelowa jasho. Machozi na kamasi vinamtoka na wala halii. Anapiga miayo, ukiisha mmoja unakuja mwingine. Vinyweleo vya mikono vimesimama, ngozi imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nikamfunua jicho, mboni imetanuka. Muuguzi yeyote aliyewahi kuhudumia vijana wa unga, yaani heroini, anaijua hali ile. Wenyewe wanaiita arosto. Nikauliza dawa iko wapi. Nyumba nzima kimya. Mama mkubwa akainuka, akaenda chumbani kwake, akafungua sanduku, akatoa kichupa chini ya nguo.

Akaniambia: "Mwanangu, nilimwona saa ikikaribia anaanza kuulizia. Anahesabu dakika. Nikajua dada yangu ameshakuwa teja. Nikasema bora nimwachishe mapema, kabla haijamkolea."

Naomba msimhukumu. Katika mtaa ule walishazikwa vijana wawili kwa sababu ya unga, mmoja alikuwa mtoto wa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alichokifanya alikifanya kwa mapenzi. Hakuna mtu aliyekuwa amekaa naye, akamweleza kwamba mwili kutegemea dawa ni jambo moja na mtu kuwa mraibu ni jambo jingine. Mimi mwenyewe, binti yake na muuguzi, nilimwonyesha namna ya kupima dawa kwa bomba la sindano, nikamwonyesha mistari, nikamwandikia saa. Hilo sikumwambia. Na ndilo lililonileta kwenu leo.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kina utegemezi na kina uraibu, na sisi tunayachukulia kama pacha. Tunaandika "utegemezi wa dawa za kulevya" tukiwa na maana ya uraibu. Mtaani wanasema ameshazoea, imemkolea, teja, na yote yanaingia kapu moja. Lakini wazee wa pwani mlioko hapa mnakumbuka neno uraibu zamani halikutisha mtu. Bibi akisema niletee uraibu wangu, alitaka kijaluba: jani la tambuu, popoo, chokaa na tumbaku kidogo. Ni kitu ambacho nafsi inakitamani. Hamu imo ndani ya neno lenyewe. Utegemezi hauna hamu. Paa linategemea nguzo, wala haliitamani.

Kuchanganya huku hakukuanzia kwetu. Madaktari wa akili wa Marekani wana kitabu chao cha kuainisha maradhi, na mwaka 1987 walipokirekebisha walibishana watumie neno gani kwa watu waliotekwa na dawa za kulevya. Baadhi waliona neno uraibu linawadhalilisha wagonjwa, wakapendekeza utegemezi. Utegemezi ukashinda kwa kura moja. Nia ilikuwa njema kabisa. Matokeo yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 25 daktari aliyesoma kitabu kile alimwona mgonjwa wa kansa ambaye mwili wake unategemea mofini, akaona jina la ugonjwa wake ni lilelile la kijana anayeiba nyaya za umeme akanunue kete. Mwaka 2013 wakalibadilisha. Wakaandika pia kwamba mtu anayetumia dawa ipasavyo chini ya uangalizi wa daktari, mwili wake kuzoea dawa na kupata taabu inapokatwa visihesabiwe kuwa dalili za uraibu. Kura moja ya mwaka 1987, na matunda yake tunayala mpaka leo katika wodi zetu.

Sasa niwaeleze kinachotokea mwilini, na kwa kuwa niko Tanga nitatumia chombo mnachokijua kuliko mimi. Ngalawa iko baharini, upepo umejaa kwenye tanga, chombo kinalalia upande mmoja. Mabaharia wanafanya nini? Wanakwenda kukaa joshini, upande unakotokea upepo, wanajiegemeza nje kabisa ili chombo kisimame sawa. Kikisimama sawa, ukikitazama kwa mbali unadhani hakuna nguvu yoyote inayokisukuma. Sasa upepo ukate ghafla. Walioegemea joshini wanakivuta chombo upande wao, na wote wanaingia majini.

Mofini ndiyo upepo. Katika shina la ubongo kuna kifundo kidogo cha seli kinachotuweka macho na kututayarisha kwa hatari, kinatoa kemikali iitwayo noradrenalini. Mofini inakituliza. Ikikituliza siku hata siku, kile kifundo kinaongeza bidii ili mambo yabaki sawa, kama mabaharia wale wanaoegemea joshini. Dawa ikikatwa ghafla, bidii yote ile inabaki bila kitu cha kuishindania. Moyo unakwenda mbio, jasho, mboni zinatanuka, vinyweleo vinasimama. Tumbo ambalo mofini ilikuwa imelifunga linafunguka kwa nguvu. Kwa mofini ya kawaida ya maji mambo haya huanza ndani ya siku hiyohiyo au kesho yake, hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka taratibu. Mtu yeyote anayekunywa mofini kila siku kwa wiki kadhaa mwili wake utafanya hivyo: imamu, padri, mimi, wewe. Maumbile ya mwili ndivyo yalivyo, na tabia ya mtu haimo humo.

Ushahidi ninaowapa akina mama wakanielewa haraka ni wa mtoto mchanga. Mama akitumia dawa za jamii ya afyuni, mofini ikiwemo, wakati wa ujauzito, hata kama ameandikiwa na daktari, mtoto anaweza kuzaliwa mwili wake ukiitegemea. Siku moja au mbili baada ya kukatwa kitovu analia kilio kikali, anatetemeka, ananyonya vibaya, anaharisha. Mtoto yule ametamani nini? Ameiba cha nani? Huwezi kumwita mraibu, na bado mwili wake una utegemezi kamili.

Tena utegemezi si wa mofini peke yake. Mgonjwa wa pumu au wa baridi yabisi aliyemeza prednisolone kwa miezi, ukimkatia siku moja anaweza kuanguka presha akafa, kwa sababu tezi zake zilishaacha kutengeneza homoni zilizokuwa zikiletwa na vidonge. Mwenye kifafa anayekunywa fenobabitoni akiacha ghafla, degedege linaweza kumjia mfululizo. Sijawahi kusikia mtu yeyote, hospitalini wala mtaani, akisema huyu ni teja wa dawa ya kifafa. Tunamwambia: usiache dawa bila kumwona daktari. Basi. Mofini inastahili sentensi hiyohiyo.

Kuna jambo la tatu linalochanganywa na haya mawili, nalo ni mwili kuzoea dozi. Mililita tano zilizokuwa zinatosha, baada ya muda hazitoshi. Mara nyingine ni mazoea kweli. Usingizi na kichefuchefu vya mwanzoni huisha siku chache, na hiyo ni neema. Kufunga choo hakuishi, ndiyo maana mofini bila dawa ya kulainisha choo ni kumtesa mtu kwa njia nyingine. Lakini kwa mgonjwa wa saratani, dozi ikianza kupwaya, jambo la kwanza la kuuliza ni kama uvimbe umekua. Mara nyingi maumivu yenyewe ndiyo yaliyoongezeka.

Basi uraibu ni nini? Uraibu ni mtu kupoteza usukani. Anajiambia leo nitatumia kidogo, anatumia mpaka ziishe. Hamu inamwamsha na inamlaza. Kazi inakwenda, ndoa inakwenda, watoto hawana ada, anayaona yote hayo kwa macho yake, na mkono bado unaifuata dawa. Unamwonea huruma kwa sababu yeye mwenyewe anataka kuacha na hawezi. Ni ugonjwa, na unashika sehemu ya ubongo inayohusika na raha na kutamani, ambayo si ile ya kutetemeka na kuharisha. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza arosto yote gerezani, akakaa mwaka mzima akiwa mzima wa mwili, na siku ya kutoka akaenda moja kwa moja maskani. Mwili hautegemei tena kitu. Uraibu upo palepale.

Na kinyume chake pia kipo, nacho ndicho kilichonifungua macho. Februari 2011 Muhimbili ilianzisha tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini. Namjua kijana mmoja aliyeingia katika tiba hiyo kwenye mojawapo ya vituo vilivyofunguliwa baadaye. Kila alfajiri anasimama kwenye foleni, anapewa kikombe, anakunywa mbele ya muuguzi, anasema neno ili ionekane amemeza, anaondoka. Saa moja na nusu yuko kijiweni na bodaboda yake. Amejenga chumba na sebule, na mama yake ameanza kumwachia pochi mezani. Methadoni ni ya jamii moja na mofini. Ukimkatia leo, kesho kutwa atakuwa kama nilivyomkuta mama yangu. Mwili wake unategemea dawa pengine kuliko siku za heroini. Lakini usukani ameurudisha mkononi mwake. Majirani bado wanamwita teja, na kila wanapomwita hivyo wanamsukuma kurudi alikotoka.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu ni mraibu, usiulize kama atateseka dawa ikikatwa. Swali hilo halikupi jibu lolote. Mtoto mchanga atateseka, mwenye prednisolone atateseka. Uliza dawa hii imemfanyia nini maisha yake tangu aianze. Analala? Anakula na wenzake? Amerudi shambani, sokoni, msikitini, kwaya? Au dunia yake imezidi kuwa ndogo mpaka imebaki yeye na dawa?

Najua wauguzi mnaniangalia na mnataka kuniambia mbona mgonjwa anayeangalia saa na mraibu wanafanana. Ni kweli wanafanana, na hapo mimi nilikosea vibaya, kwa hiyo acheni niseme.

Nilikuwa zamu ya jioni katika hospitali moja. Akaja kijana wa miaka kama 19, mgonjwa wa sikoseli, maumivu yamemshika mgongo na mapaja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, wanakadiriwa kuwa 11,000 hivi kila mwaka, kwa hiyo sura ile si ngeni kwetu. Akaniambia kwa upole: "Sista, mofini miligramu kumi ndiyo inayonikamata. Mshipa wa kulia umeshaharibika, jaribu huu wa kushoto chini ya kidole gumba." Moyo wangu ukafunga pale pale. Anajua jina la dawa, anajua dozi, anajua mshipa. Nikamwambia mwenzangu, huyu mzoefu. Baadaye nikamwona anacheka na rafiki yake kwenye simu, nikasema unaona, hana maumivu. Nikampa parasetamoli, nikamwacha kwenye benchi kwa muda wa saa tatu hivi, mpaka zamu yangu ilipokaribia kuisha.

Usiku ule kifua kikambana, oksijeni ikashuka. Alipona, namshukuru Mungu. Siku ya nne nilikwenda kitandani kwake kumwomba radhi. Akaniambia kwamba anaumwa tangu ana miezi minane, mshipa ule wa kushoto aliufundishwa na muuguzi mwingine, na pale kwenye simu alimwomba rafiki yake amsimulie vichekesho ili asipige kelele wodini. Mtu aliyeumwa miaka 19 atakosaje kujua dozi yake? Mwenye kisukari akinitajia uniti zake za insulini nampongeza kwa kujua ugonjwa wake. Huyu nilimhukumu kwa kujua wake.

Mgonjwa ambaye maumivu yake hayatibiwi sawasawa ataomba, atasisitiza, atalia, atatazama saa, hata ataongeza chumvi ili asikilizwe. Ukimpa dozi inayofanya kazi saa nne halafu ukaiandika kila baada ya saa nane, umemtengenezea saa nne za kuonekana teja. Mwaka 1989 madaktari wawili Marekani walieleza hali hii, wakaita uraibu wa bandia: tabia zinafanana na za mraibu, lakini ukitibu maumivu zinakwisha. Wazo lenyewe nalikubali, nimeliona kwa macho. Lakini lazima niwaambie kilichofuata, maana nikinyamaza hapo nitakuwa nimewadanganya.

Kampuni za dawa zililichukua wazo lile zikaligeuza biashara. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza OxyContin, vidonge vya maumivu vya jamii ya mofini, na wauzaji wake wakapita kwa madaktari wakiwahakikishia kwamba uraibu kwa mgonjwa mwenye maumivu ni nadra, chini ya asilimia moja. Takwimu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye barua ya aya moja iliyochapwa Januari 1980 katika jarida la tiba, iliyosema kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizi hospitalini, wanne tu walionekana kuwa waraibu. Ni wagonjwa waliolazwa, wanaoangaliwa na wauguzi. Barua haikusema lolote kuhusu mtu anayepewa vidonge vya mwezi mzima akae navyo nyumbani kwa maumivu ya mgongo, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2007 kampuni ilikiri mahakamani kwamba iliipamba dawa yake kwa uongo. Watu walishakuwa waraibu, na wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapwa mwaka 2015 yalikuta uraibu kwa wastani wa asilimia 8 hadi 12 ya wanaotumia dawa hizi kwa maumivu sugu. Asilimia kumi si kitu cha kupuuza. Ni mmoja kati ya kumi wenu mlioketi hapa.

Halafu Marekani wakageuka upande wa pili kwa nguvu ileile. Mwaka 2016 ulitoka mwongozo wa serikali wa kupunguza dawa hizi, ukasomwa kama amri. Wagonjwa waliokuwa wanaishi vizuri na dozi zao kwa miaka walikatiwa ghafla. Wapo waliojiua. Wapo waliokwenda kutafuta heroini mtaani, na huko mtaani kuna fentanili, dawa ya jamii hiihii yenye nguvu kuliko heroini. Aprili 2019 mamlaka yao ya dawa ikatoa onyo dhidi ya kukata ghafla, na mwaka 2022 mwongozo ukaandikwa upya: kwa aliyetumia zaidi ya mwaka, punguza kama asilimia 10 kwa mwezi au polepole zaidi, na umshirikishe mwenyewe. Mara ya kwanza waliupuuza uraibu. Mara ya pili waliona utegemezi wakaudhania uraibu. Makosa mawili, mzizi mmoja.

Sisi hatukuwahi kufika kwenye mafuriko yale. Sisi tatizo letu ni ukame. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lilipima dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka: tani 298.5. Nchi maskini kabisa zote kwa pamoja zilipata tani 0.1. Na mofini ya unga haina bei ya kutisha. Jirani zetu Uganda walilionyesha hilo. Daktari Anne Merriman alianzisha hospisi, huduma ya wagonjwa mahututi wasiopona, Kampala mwaka 1993, wakawa wanachanganya unga wa mofini na maji, dawa ya kuzuia isioze, na rangi ili mtu asiyejua kusoma asikosee: kijani ni nyepesi, waridi ni kali, buluu ni kali zaidi. Inamiminwa kwenye chupa, mgonjwa anakwenda nayo nyumbani. Mwaka 2004 wakabadili sheria, wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia mateso mgonjwa wa maradhi mazito, wakaruhusiwa kuandika mofini. Muuguzi kama mimi na wewe. Kinachozuia chupa kumfikia mgonjwa mara nyingi ni hofu iliyoko kichwani mwa anayepaswa kuitoa, na hofu iliyoko sandukuni kwa anayepaswa kuipokea.

Naomba nisieleweke vibaya: si kila maumivu ni ya mofini. Mgongo uliochoka na magoti yaliyosagika, utafiti mzuri uliochapwa Marekani mwaka 2018 uliwafuata wagonjwa 240 kwa mwaka mzima ukakuta waliopewa dawa za jamii hii hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa dawa za kawaida. Maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuwaka moto, yana dawa zake nyingine. Na tramadol, dawa nyingine ya maumivu ya jamii hii, inayouzwa dukani kwa kijana anayetaka nguvu za kubeba mizigo usiku kucha, hiyo ni njia ya uraibu na tuiseme wazi. Kabla ya kuanza mofini ya muda mrefu muulize mtu, kwa heshima na bila macho makali, kama yeye au mzazi wake alishawahi kushindana na pombe au unga. Akisema ndiyo, usimnyime. Aliyekuwa mraibu naye anapata kansa, na mfupa wake unauma kama wa mwingine. Unampa chupa ya wiki badala ya mwezi, unamtafutia ndugu wa kushika ufunguo wa kabati, unamtembelea mara nyingi zaidi. Pombe na vidonge vya usingizi vikae mbali, kwa sababu vikikutana na mofini pumzi inaweza kukatika.

Na kupunguza kunapofika wakati wake, kwa mfano mionzi imetuliza mfupa, fanyeni kama wale wa ngalawa upepo unapopungua: mmoja anarudi ndani, chombo kinatulia, anafuata mwingine. Mgonjwa akipata miayo na tumbo, simama hapo ulipo siku kadhaa, usiende chini zaidi. Utafika.

Nirudi kwa mama. Nilipofika nilimpa dozi, ndogo kidogo kuliko ya zamani kwa kuwa siku mbili zilikuwa zimepita, nikakaa pembeni kuhesabu pumzi zake. Baada ya muda akanyoosha miguu. Akaniita kwa sauti ndogo. Nilidhani anataka maji. Akaniuliza: "Mwanangu, nitakutana na Mola wangu nikiwa mlevi?"

Kumbe na yeye alikuwa ameamini. Siku mbili zile aliteseka akidhani ni halali yake.

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, na mama mkubwa amekaa mlangoni anasikiliza. Maneno yangu hayakutosha. Jumamosi nikamwomba imamu wa msikiti wa mtaani aje, akakaa naye nusu saa, akamwambia dawa anayopewa mgonjwa na tabibu kwa ajili ya maumivu haihesabiwi pamoja na pombe. Mama akamsikiliza yeye kuliko mimi, na sikuona vibaya.

Mama mkubwa akakitoa kichupa chumbani kwake. Akakiweka kwenye kabati la vyombo, rafu ya juu, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Kuanzia siku ile hakutaka mtu mwingine apime. Alikuwa anawasha taa saa kumi alfajiri, anainua bomba usawa wa macho, anavuta mpaka kwenye mstari, anagonga kwa kucha povu liondoke. Dozi ile ilianza kufanya kazi kabla ya adhana. Mama alikuwa ameshindwa kukaa kwa zaidi ya mwezi. Alhamisi iliyofuata akaomba tumletee mswala, tukamkalisha na mito miwili mgongoni, akasali subuhi amekaa, dada yake nyuma yake amemshika mabega.